Kondoo wangu wanatupa mimba: je, ni dume wa sokoni aliyeleta ugonjwa?

"Jambo Dokta. Niko Walungu, Kivu Kusini, nafuga kondoo kumi na wanne. Mwanzoni mwa mwezi wa pili nilinunua dume kwenye soko la Mugogo, pamoja na jike mmoja mwenye mimba, kwa muuzaji mmoja. Yule jike alizaa baada ya wiki tatu hivi. Mtoto alikuwa mlegevu, akafa siku ya pili, na kondo la nyuma lilikawia sana kutoka. Tukasema ni uchovu wa safari. Mwishoni mwa mwezi wa nne kondoo wangu wa zamani wakaanza kutupa mimba, kwanza mmoja, halafu wawili ndani ya wiki mbili. Watoto walikuwa wameshaota manyoya mwili mzima. Nikamwangalia dume, nikaona korodani moja imevimba kuliko nyingine. Muuza dawa wa sokoni amemchoma sindano moja ya oksitetrasiklini, anasema itaisha. Mama mkwe anasema ni sumu ya karuho, jirani ameitupa kwenye majani. Na jirani huyo huyo ameniomba nimpe dume apande kondoo wake. Bibi yangu ana mimba ya miezi mitano, ndiye aliyemvuta mtoto mfu wa kwanza kwa mikono. Je, ni dume aliyeleta? Nikimuuza itaisha? Na nyama yao tunaweza kula?"

Ndugu yangu, umeuliza maswali matatu kuhusu kondoo, na la nne umelipita haraka kama jambo la pembeni. Mimi naanza na hilo la nne. Bibi yako aende kituo cha afya wiki hii hii, hata kama hajisikii mgonjwa. Amweleze muuguzi au daktari bila kuficha kwamba ana mimba ya miezi mitano, kwamba alimvuta kwa mikono mitupu mwana-kondoo aliyefia tumboni, na kwamba kondoo wengine wa zizi hilo wametupa mimba. Asiposema, hakuna atakayeliwaza. Homa ikifika kituoni kwetu hutafutwa malaria, kisha tifoidi, na si vibaya kuanzia hapo. Lakini yapo magonjwa ya kondoo wanaotupa mimba ambayo mwanamke mjamzito akiyapata yanaweza kumtoa mimba na kumwangusha yeye mwenyewe vibaya sana. Asijinunulie dawa dukani, maana doksisiklini, ambayo watu wengi hupewa kwa brusela, mmoja wa magonjwa hayo, haifai kwa mwenye mimba, na daktari atamchagulia nyingine ikihitajika. Na tangu leo, mpaka ajifungue, asiingie zizini, asisaidie kondoo kuzaa, wala asifue nguo ulizovaa ukiwa zizini.

Nalisema kwa uchungu kwa sababu limenipata. Nilipotoka masomoni Lubumbashi, kijana mwenye mikono myepesi, nilimvuta mwana-kondoo mfu bila glavu kwa kuwa usiku ulikuwa umeingia na mfugaji alikuwa analia. Baada ya wiki chache nikaanza homa ya jioni, jasho la kulowesha shuka, na maumivu ya kiuno. Nilitibiwa malaria mara tatu kabla mtu hajaniuliza kazi yangu ni nini. Dawa za brusela nilimeza wiki sita. Mimi sikuwa na mimba tumboni.

Sasa tuhesabu pamoja, maana barua yako imebeba jibu ambalo wewe hujaliona. Kondoo hubeba mimba karibu siku 150, yaani miezi mitano. Mwana-kondoo aliyeota manyoya mwili mzima ana miezi minne tumboni, au zaidi. Kwa hiyo waliotupa mwishoni mwa mwezi wa nne walipandwa kwenye mwezi wa kumi na mbili. Dume wa Mugogo ameingia kwako mwanzoni mwa mwezi wa pili. Mimba zile aliwakuta nazo. Huenda ana ugonjwa wake, na hiyo korodani tutairudia, lakini si kwa kuwapanda ndivyo alivyoziangusha.

Yule aliyekuja naye je? Jike mwenye mimba, amezaa wiki tatu baada ya kufika, mtoto mlegevu, akafa siku ya pili, kondo la nyuma likang'ang'ania. Hizo si dalili za uchovu wa safari peke yake. Ningekuwa nimesimama zizini kwako siku ile, ningeuliza kondo lile lilienda wapi. Hukuandika kama mlilizika. Wengi wetu tunalirushia mbwa, au tunaliacha kwenye nyasi za kulalia mpaka lioze. Kati ya siku hiyo na mimba ya kwanza kuanguka zimepita wiki kama tisa, na huo ni muda unaotosha kabisa kwa vijidudu kutoka kwa mama mmoja, kuingia kwa mwingine mwenye mimba changa, na kuiangusha. Simhukumu mnyama kwa barua. Ila mimi, katika mifugo hii kumi na minne, macho yangu yako kwa jike huyo kabla ya dume.

Ugonjwa ninaoufikiria kwanza ni bruselosi, ambao wafugaji wengi wanauita brusela au ugonjwa wa kutupa mimba. Kuna jambo moja linalochanganya watu, hata baadhi ya wenzangu. Brusela za kondoo ni ndugu wawili wenye tabia tofauti. Mmoja anaitwa Brucella melitensis, na jina hilo limetoka kisiwa cha Malta. Huko, mwaka 1887, daktari wa jeshi la Uingereza aliyeitwa David Bruce alimwona kijidudu huyu kwenye wengu za askari waliokufa kwa homa. Ikachukua miaka karibu ishirini kujua ilitoka wapi. Mwaka 1905 Themistocles Zammit, mwana wa kisiwa hicho, alipima damu za mbuzi waliokuwa wakikamuliwa kwa ajili ya watu, akakuta wengi wameambukizwa nao walionekana wazima, wanakula, wanatoa maziwa. Hilo la kuonekana wazima ulishike sana, tutalihitaji. Ndugu wa pili ni Brucella ovis, aliyetambuliwa New Zealand na Australia mwanzoni mwa miaka ya 1950. Huyu ni wa kondoo hasa, anapenda madume, na binadamu hamgusi.

Wa kwanza husafiri kwa uzazi, wa pili husafiri kwa kupandana. Ukiwachanganya, utafukuza dume na kumwacha mama mwenye ugonjwa zizini, au kinyume chake.

Nieleze njia ya yule wa Malta. Jike mwenye mimba anapoambukizwa, kijidudu huingia kwa mdomo, pua, macho, au mchubuko wa ngozi. Kinachotangulia si dume, ni pua. Kondoo hunusa na kulamba kila kitu kilichoanguka chini, na harufu ya uzazi huwavuta majike wenzake zaidi ya kitu kingine chochote. Umewahi kuona majike watatu wamemzunguka mwenzao anayezaa, wananyoosha shingo, wanalamba maji ya uzazi? Hapo ndipo penyewe. Kikishaingia, kijidudu humezwa na chembe za ulinzi wa mwili, zile zinazopaswa kukiua. Hakifi. Kinajificha ndani yake na kuzitumia kama usafiri, kwanza hadi kwenye matezi, kisha kwenye damu, na mwisho hadi kwenye mji wa mimba. Kondo la nyuma la wanyama wanaocheua lina aina ya sukari iitwayo erithritoli, ambayo hukipa kijidudu hiki nguvu ya kuzaana mno. Kondo linavimba na kuharibika, mtoto anakosa chakula na hewa, na katika miezi ya mwisho anatoka mfu, au hai lakini hana nguvu ya kunyonya.

Siku ya kuangusha ndiyo siku ya hatari kuliko zote. Kondo, maji ya uzazi na mwili wa mtoto hubeba mabilioni ya vijidudu, na ni vichache sana vinavyohitajika kumwambukiza mnyama mwingine. Halafu uchafu wa ukeni huendelea kutoka kwa wiki kadhaa, mara nyingine hata miezi miwili, ukidondoka kwenye nyasi, kwenye njia ya kwenda malishoni na pembeni ya maji. Jua kali huua kijidudu ndani ya saa chache. Lakini zizi la Walungu si jua kali. Ni kivuli, ukungu, samadi mbichi na baridi ya mlima, na mahali pa namna hiyo kijidudu kinaweza kuishi wiki nyingi, hata miezi. Watu wananiuliza kwa nini ugonjwa unarudi mvua inaponyesha. Zizi lako lenyewe linautunza.

Na hapa ndipo wafugaji wengi wanapodanganyika. Jike aliyetupa mimba mara moja kwa kawaida hatupi tena. Mwaka unaofuata anazaa vizuri, mtoto mnene, na mwenye kondoo anashangilia kwamba ugonjwa umekwisha. Haujaisha. Jike huyo anazaa salama huku kondo lake na maziwa yake vikiendelea kubeba kijidudu. Wanaotupa mwaka huo ni wapya, wale uliowanunua au mabinti waliobeba mimba ya kwanza. Ndiyo maana watu husema "kwangu kondoo wageni hawakai." Si wageni wabaya, wanauguzwa na wenyeji wanaoonekana wazima kama mbuzi wa Malta. Hata watoto wachache wa majike hawa huzaliwa na kijidudu kimejificha ndani yao, kisionekane kwenye damu mpaka wabebe mimba wenyewe.

Sasa dume na korodani yake. Brusela ya Malta pia inaweza kuvimbisha korodani, na mbegu zake zinaweza kubeba kijidudu, ila kwa ugonjwa huo kupandana ni njia ndogo ukilinganisha na kondo la nyuma. Kwa Brucella ovis, mbegu ndiyo njia yenyewe. Chukua kilima chenu ambako kondoo wa watu watatu wanachunga pamoja. Jike mmoja ameingia joto, na joto la kondoo ni siku moja hadi moja na nusu. Dume mgonjwa anampanda asubuhi. Mchana dume mzima wa mtu mwingine anampanda jike huyo huyo, anakutana na mbegu chafu ambazo bado ziko pale, na kuambukizwa. Jike mara nyingi hujisafisha mwenyewe baada ya muda. Ni daraja tu, dume kavuka kwenda kwa dume. Madume pia hupandana wenyewe kwa wenyewe, hasa wakifungiwa pamoja bila majike, na hunusana na kulambana sehemu za siri. Hata dume kijana ambaye hajawahi kupanda jike anaweza kuupata kwa njia hiyo.

Mpapase dume wako hivi. Mtu mmoja amshike kichwa, wewe simama nyuma yake, umevaa glavu. Shika korodani zote mbili kwa wakati mmoja na uzilinganishe. Zinapaswa kuwa ngumu kiasi, kama msuli wa mkono uliokazwa, na ziteleze ndani ya mfuko wake bila kunata. Chini kabisa ya kila moja kuna kivimbe kidogo kama kidole gumba, ambacho ndicho mkia wa mrija unaotunza mbegu. Brucella ovis hupenda kukaa hapo. Ukikuta mkia huo umekuwa mkubwa, mgumu kama jiwe, upande mmoja, ni ishara mbaya. Ukikuta korodani nzima ni ya moto na inauma, inaweza kuwa pigo la pembe, jeraha, au vijidudu vingine vya usaha. Na ukipapasa ukaona korodani ni nzuri, usifurahi haraka, kwa sababu madume wengi wenye ugonjwa huo hawana uvimbe wowote wa kushikika.

Kuhusu ile sindano moja. Muuza dawa hakukuchukia, lakini amekupotosha. Nimeshakueleza kwamba vijidudu vya brusela hukaa ndani ya chembe za mwili, na dawa ya siku moja haivifikii. Binadamu mwenyewe hunywa dawa mbili kwa pamoja wiki sita, na wapo wanaorudiwa. Kumtibu kondoo kwa namna hiyo kunagharimu kuliko kondoo mwenyewe, na bado hatoki akiwa safi kwa uhakika. Sindano inachofanya ni kupunguza uvimbe ili mnunuzi asione. Ndicho kinachonisikitisha zaidi masokoni kwetu.

Ipo hali moja ambayo oksitetrasiklini ina kazi ya kweli, na haki inanitaka niitaje. Kuna ugonjwa mwingine wa bakteria, Chlamydia abortus, ambao sura yake kwa barua yako inafanana kabisa na brusela: mnyama mgeni anayeangusha au kuzaa mtoto mlegevu, kondo jekundu lililonenepa, kisha wenyeji kuangusha katika wiki za mwisho. Nao husambaa kwa kulamba uzazi. Mwenye mimba changa akiambukizwa anaweza kuangusha msimu huo huo, lakini aliyeambukizwa mimba ikiwa kubwa anaweza kuzaa salama, akabaki na kijidudu kimelala, akaangusha mimba inayofuata. Hapo veterineri anaweza kuwachoma majike waliobaki na mimba oksitetrasiklini ya kudumu ili kuokoa watoto kadhaa, ingawa haimalizi ugonjwa. Na huu ndio ugonjwa ninaouogopa zaidi kwa bibi yako, maana kwa mwanamke mjamzito ni mkali sana. Ndiyo sababu sikungoja majibu ya maabara kumtoa zizini.

Yapo na mengine. Vidonda mdomoni na kuhara pamoja na homa vingenielekeza kwenye sotoka ya mbuzi na kondoo. Mimba nyingi kuanguka kwa pamoja na watoto wachanga kufa ghafla baada ya mvua kubwa zenye mbu, kwenye homa ya Bonde la Ufa. Paka wanaonya kwenye nyasi za akiba huleta toksoplazma. Hata njaa na mateke huangusha mimba. Barua yako haina dalili hizo, lakini veterineri atauliza.

Na karuho? Namheshimu mama mkwe wako. Watu wa huku wamezika ndugu na kubaki na swali hilo moyoni, sitalicheka. Lakini sumu iliyotupwa kwenye majani haichagui majike wenye mimba ya miezi minne na kuwaacha madume, wanakondoo na majike tasa wakila majani yale yale wakiwa wazima. Sumu ingeangusha wote, tena kwa siku chache. Huu ulioko kwako umeingia kwa mnyama mmoja, ukakaa wiki tisa, ukawafuata wenye mimba.

Kinachohitajika ni vipimo, na hapa nakuomba uwe mvumilivu. Damu ya jike aliyeangusha jana inaweza kusema "hapana" wakati ugonjwa upo, kwa sababu askari wa damu wanaotafutwa hawajajitokeza bado. Ichukuliwe wiki mbili au tatu baada ya kuangusha, na ya zizi zima, si ya hao watatu tu. Kama una mbuzi, nao waingie, maana brusela ya Malta haitofautishi mbuzi na kondoo. Kipimo cha kwanza kinaitwa Rose Bengal. Tone la maji ya damu linachanganywa na tone la dawa ya rangi ya waridi kwenye kibao, na ndani ya dakika nne chembe zikigandana, mnyama anashukiwa. Ni rahisi na hakihitaji mashine kubwa. Lakini Rose Bengal hakimwoni kabisa Brucella ovis, ambaye gamba lake ni tofauti. Kwa dume wako lazima uombe kipimo chake, kama kile cha maabara kiitwacho ELISA. Nimeona madume wakipewa cheti cha usafi kwa Rose Bengal peke yake na korodani zimevimba mbele ya macho ya watu. Akiangusha mwingine, kondo na mtoto vifungwe kwenye mifuko miwili ya plastiki, mmoja ndani ya mwingine, viwekwe kwenye baridi, na veterineri apigiwe simu siku hiyo hiyo, kwa sababu sampuli hiyo inasema mengi kuliko damu. Kuvifunga ni kazi yako, si ya watoto, ukiwa na glavu au mifuko ya plastiki mikononi, kitambaa puani na mdomoni. Kama hakuna wa kuvichukua, chimba shimo refu kama mita moja, mbali na chemchemi, utie chokaa juu, ufukie, mbwa wasifukue. Nyasi za kulalia zichomwe. Usifagie zizi likiwa kavu, vumbi lake litaingia puani mwako. Limwagie kwanza maji ya javeli, ile dawa ya klorini ya kufulia.

Tuseme majibu yamethibitisha brusela. Utafanya nini? Sitakudanganya kwamba kuna njia isiyouma. Unaweza kuwatoa waliokutwa na ugonjwa, wakachinjwa, kisha kupima waliobaki tena na tena mpaka raundi mbili zitoke safi. Kwa zizi kubwa ndiyo njia ya kawaida. Kwa kondoo kumi na wanne, ambao tayari wanne wana historia mbaya, mimi ningefikiria kuwachinja wote, kuliacha zizi wazi kwa jua la kiangazi kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane, na kuanza upya na majike wachache waliopimwa. Najua kondoo hao ni karo ya shule na dawa za watoto. Sijaona mfugaji wa kwetu aliyelipwa fidia. Lakini nimeona aliyebaki na zizi gonjwa miaka mitano akipoteza watoto wa kondoo kidogo kidogo, na jumla ya hasara yake ikapita ile ya kuanza upya.

Ukishindwa hilo, njia ya tatu ni kufunga zizi. Hakuna anayeingia, hakuna anayetoka akiwa hai ila kwenda kuchinjwa, kila anayezaa au kuangusha anatengwa peke yake miezi miwili, na dume hakopeshwi. Ni kazi ngumu na inadai nidhamu ya nyumba nzima. Kuhusu chanjo, ipo iitwayo Rev-1, inayotiwa kwa tone la jicho kwa wanakondoo wa miezi mitatu hadi sita. Ni nzuri mikononi mwa mpango wa eneo zima. Mfugaji mmoja asiitafute kwa njia za pembeni, kwani ni kijidudu hai, inaangusha mimba za majike wakubwa, inaweza kumwambukiza mtu ikimdondokea jichoni, na inavuruga vipimo vya baadaye.

Nyama. Nyama ya misuli iliyopikwa mpaka ndani haitawapa brusela. Hatari iko kwa anayechinja na anayetengeneza, kwenye damu, mji wa mimba, kiwele, wengu na korodani. Sehemu hizo zizikwe, na mchinjaji awe mtu mzima mwenye glavu, macho yakiwa yamelindwa kadiri inavyowezekana. Jike aliyeangusha hivi karibuni asichinjwe nyumbani kabla uchafu haujakauka. Dume aliyechomwa sindano asiliwe mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa ziishe. Kwa zile za kudumu mara nyingi ni wiki tatu au nne. Na kama nyumbani mnakunywa maziwa ya mbuzi au ya ng'ombe, yachemke kwanza, hata yale mnayotaka kuyagandisha yawe mashanza. Kuganda peke yake hakuui brusela kwa uhakika.

Umeuliza kama ukimuuza dume itaisha. Haitaisha kwako, na itaanza kwa mwingine. Kwenye masoko ya Mugogo, Mudaka na Kavumu, mnyama mmoja anabadilisha mikono mara tatu kwa mwezi, na miaka hii ya watu kukimbia vita, kondoo wa vijiji ambavyo havijawahi kukutana wanalala zizi moja. Kila anayeuza ili kukwepa hasara anaisukuma kwa mtu ambaye kesho naye ataisukuma. Pengine hivyo ndivyo wako alivyofika kwako.

Tafuta veterineri wa teritwari yako. Ukimkosa, ofisi ya IPAPEL, yaani idara ya jimbo ya kilimo, uvuvi na mifugo, kule Bukavu ndiyo yenye kazi hiyo. Usingoje kama kuna mwingine anayetoa uchafu mwekundu au wa kahawia ukeni, au kama mtu yeyote nyumbani ana homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku, maumivu ya viungo, au mwanamume ana korodani iliyovimba. Huyo wa nyumbani haendi kwa veterineri, anakwenda hospitali, na aitaje brusela kwa jina.

Imebaki habari ya jirani. Umemtaja mara mbili, kwanza kama anayeshukiwa kutupa karuho, halafu kama anayeomba dume wako. Mtu aliyetia sumu kwenye kondoo zako asingetaka mbegu ya zizi hilo hilo. Dume usimpe. Lakini leo jioni, ukishamtenga yule jike wa Mugogo peke yake, nenda kwa jirani umweleze sababu yote, pamoja na mimba tatu zilizoanguka, kwa kuwa kondoo wake wanapita njia ile ile ya malishoni na huenda na yeye ana la kukueleza. Mkimwita veterineri pamoja, mnagawana nauli yake, na damu za mazizi yote mawili zinateremka Bukavu ndani ya kisanduku kimoja cha barafu.